Upande wa Dirishani

Mtaani wanamwita Mama Mayai, ingawa hajawahi kuuza hata moja. Ni fundi wa maabara. Kazi yake ni kutoa ubongo wa vifaranga ambao hawajaanguliwa, kuukata vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvilaza juu ya vioo, ili daktari avitazame kwenye hadubini.

Wifi yake, anayekaa nao nyumba moja, hachoki kumtania.

"Wifi, ukikuta akili ya ziada huko kazini, mletee kaka yangu."

"Nilishamletea. Haikushika."

Daktari anachunguza mwanga. Kifaranga akiwa ndani ya yai hujikunja, jicho la kulia likaelekea ganda na la kushoto likajificha kwenye mwili wake. Mwanga ukipenya, unalipata jicho moja tu, na pande mbili za ubongo hazikui sawa. Kwa hiyo kulia na kushoto ndiyo kazi yenyewe. Kipande kikishaelea kwenye maji kinaweza kugeuka, usijue tena upande upi ni upi. Ndiyo maana kabla ya kukata, fundi huuchoma kila ubongo tundu dogo kwa sindano, upande wa kushoto. Miaka tisa hajawahi kujiuliza kushoto ni wapi. Ni upande wa dirishani, basi.

Mwezi huu dari lilivuja, meza yake ikasogezwa ukuta wa pili. Wiki iliyofuata daktari alitoka kwenye hadubini macho yamemtoka pima.

"Mama, njoo uone! Kundi hili la mayai kumi na manne, karibu yote pande zimebadilishana. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hiki!"

Akawapigia simu wenzake. Kikao kikapangwa Alhamisi.

Jumatatu dari likawa limezibwa, meza ikarudi mahali pake. Fundi akaketi, akaweka ubongo wa kwanza, mdogo kama punje ya njegere, mkono ukaenda wenyewe upande wa dirishani. Ukasimama hewani. Kule ukutani pia ulikuwa ukienda dirishani. Ila kule dirisha lilikuwa kulia kwake.

Akaiweka sindano chini. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na wa kuutia saini ni daktari huyo huyo. Hakuna mtu mwingine aliyejua alivyochoma. Akavua glovu, akaenda kugonga mlango.

"Daktari, zile pande hazijabadilishana. Nimechoma kulia."

"Zote?"

"Meza ilihamishwa katikati ya kazi. Bongo tatu au nne nilikuwa nimeshazichoma sawasawa. Sikuandika ni zipi."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo nimegundua dirisha."

Fundi hakucheka. Hakujua kama ni mzaha.

"Ungenyamaza nisingejua," daktari akasema.

"Najua."

"Na Alhamisi ningesimama mbele za watu..." Hakumalizia. Akamsukumia daftari la maabara. "Andika mwenyewe. Kwa wino."

Akaandika mistari minne, akaweka tarehe, akatia saini. Kikao kikaahirishwa. Wenzake daktari, inasemekana, walicheka sana kwenye simu.

Ijumaa mkataba ukaja ndani ya bahasha. Uliopita ulikuwa wa miaka miwili. Huu ni wa miezi mitatu. Wifi yake aliusoma mara mbili.

"Miezi mitatu! Wifi, si ungefunga mdomo wako?"

"Ningefunga."

"Sasa?"

"Sasa nina mayai kumi na manne ya kurudia," akasema, akauchukua mkataba na kwenda kutafuta kalamu.