Bango la Kumtetea Mkwe

Nichekeni, lakini polepole. Binti yangu Mumbi ataolewa na Marko, mchezaji wa besiboli hapa Toronto, kijana mwenye adabu anayemaliza ugali wangu bila kulazimishwa. Shida ni moja: kila nikiwasha runinga namwona kwenye benchi, anatafuna mbegu za alizeti.

Mimi nimekulia kwenye soka. Anayeingizwa dakika za mwisho ni yule ambaye kocha hamwamini.

"Mum, hiyo ndiyo kazi yake," Mumbi akaniambia.

"Kazi ya kukaa? Wajomba zako wakiuliza siku ya posa, niwaambie mkwe wangu hukaa?"

Nikaanza kumpikia chapati za kumliwaza. "Usijali, mwanangu, siku yako itafika."

"Asante, Mama," alijibu kwa upole.

Jumamosi akatupa tiketi. Nikaenda na bango la Kiingereza, herufi kubwa: KOCHA, MPE MARKO HATA DAKIKA TANO.

Mchezo ukafika ukingoni, tukiongoza kwa pointi moja, roho mkononi. Ghafla muziki ukalipuka, Marko akaingia mbio kurusha mipira ya mwisho, uwanja mzima ukasimama kuliimba jina lake.

"Mum," Mumbi akaninong'oneza, "huwa wanamweka akiba kwa nyakati za hatari kama hizi, alinde ushindi. Hakuna wanayemwamini kuliko yeye."

Nikashusha bango, nimechelewa. Lilikuwa kwenye skrini kubwa ya uwanja, nami nyuma yake, mdomo wazi.

Marko akalisoma. Akafunika uso kwa glavu, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kisha akanigeukia, akaninyooshea vidole vitano.