Maman, Usigeuke!

Wiki hii, sokoni Kadutu, nimeona maman muuza ndizi ameshikwa na wanaume wawili kama mwizi, naye anacheka huku machozi yanamtoka. Mwanaume mmoja ni mimi.

Binti yake alipotelea njiani walipokuwa wakikimbia mapigano. Asubuhi ile simu ikalia: ni yeye! Maman akaruka, akageukia upande wa mto, na simu ikaachilia mtandao wetu ili ikatafute ule wa ng'ambo, Rwanda. Ikakatika. Pale sokoni sote tunajua kwamba anayeongea na simu lazima asimame wima, uso kwa mlima wenye mnara wetu. Lakini maman wa Bukavu hajui kuongea bila kutembea!

Simu ikalia tena.

"Maman, usigeuke!" muuza samaki akapiga kelele.

"Nitasimama namna gani, na mutoto wangu iko muzima?"

"Tutakusimamisha!"

Papa mmoja, mzee wa soko, akakamata bega lake la kushoto. Mimi, pamoja na tumbo langu, la kulia.

"Uko wapi, mama?" maman akamwuliza binti yake. "Goma? Kwa tonton, mjomba wako?" Akataka kucheza, tukakaza. "Usitoke hapo! Nakuja na boti!"

Nasikia mafundi wa Ulaya wanatafuta namna simu ikamate mtandao mpya mbele ya kuachilia ule wa zamani. Wafanye haraka, nawaombea. Kwa sasa nawashukuru watu wa Kadutu: vita imetufundisha kukimbia, na bado mulisimama.

Tulipomwachilia, maman alicheza mpaka kwenye mtandao wa Rwanda.