Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Mwalimu Sifaeli amefundisha historia miaka ishirini na miwili, na amehamishwa mara tatu kwa sababu ya mdomo. Iringa aliuliza swali kwenye kikao cha wazazi, akapelekwa Makongolosi, ambako hata chaki ilikuwa na vumbi la barabarani. Alipofika kwetu Uyole, mkewe Esta alimwapisha kabla hawajafungua masanduku: uhamisho wa nne ataenda peke yake.

Basi ilipofika mada ya kupima viongozi, alichagua kiongozi mdogo: Mzee Marcelino, diwani wetu wa zamani. Alituletea maji ya bomba. Pia alivunja vibanda vya soko alfajiri moja, bila taarifa. Bado ni mwenyekiti wa bodi ya shule, na simu yake hupokelewa halmashauri, lakini Sifaeli alijiambia kwamba ya darasani yataishia darasani.

"Andikeni mema na mabaya," aliwaambia kidato cha tatu. "Kila neno liwe na shahidi."

Sasa, wasifu wanaoujua watoto wetu ni ule unaosomwa msibani. Karatasi thelathini na nane zikaanza: "Marehemu Marcelino alizaliwa..." Anord alisema ameacha wajane wawili. Mwingine aliwashukuru madaktari kwa juhudi zao. Kiranja, kwa bidii yake, alizibandika ukutani asubuhi kabla Sifaeli hajazisoma, na habari ya msiba ikatoka nje ya shule.

Kufikia saa nne marehemu alikuwa mlangoni, amevaa koti, simu imejaa salamu za pole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kujisikiliza."

Alisoma ukuta taratibu. Kwenye maji aliridhika. Kwenye wajane akasimama.

"Huyu wa pili ni nani?"

"Nilidhani, mzee," Anord akajibu, "kwa kuwa ulikuwa kiongozi."

Akafika karatasi ya Batuli, ambaye mama yake huuza nyanya.

"Vibanda arobaini na moja? Vilikuwa kumi na vinane."

"Mama alivihesabu, babu. Alikuwa amekaa juu ya tenga lake."

"Mwalimu, mwambie afute."

Mimi, mwalimu mwenzake, nilikuwa dirishani na madaftari yangu ya kusahihisha. Sifaeli alitazama sakafu, na nilijua anamwona Esta. Niliwaza ni wangapi tumewazika kwa sifa, ambao walipokuwa hai hatukuwauliza kitu.

"Mtoto ana shahidi," Sifaeli akasema polepole. "Mzee, wako ni nani?"

"Dereva wa greda. Yotamu, yuko Chunya."

Akampigia papo hapo, akaweka spika ili darasa zima lisikie.

"Yotamu, siku ile ya soko tulivunja vibanda vingapi?"

"Mkuu, uko hai? Asubuhi nimeletewa msiba wako."

"Jibu swali."

"Arobaini na kitu. Si ulinikataza kuhesabu?"

Darasa lilibana kicheko mpaka madawati yakalia. Mzee alikata simu.

"Haya. Arobaini."

"Na moja," Batuli akasema.

"Na moja."

Akajikunja kwenye dawati la nyuma, akaomba kalamu, akaandika chini ya karatasi ya Batuli kwamba wenye vibanda walistahili kupewa taarifa. Akatia saini na tarehe.

Ni wiki ya tano sasa, na barua ya uhamisho haijaja. Jumamosi Sifaeli alichimba shimo nyuma ya nyumba, akapanda mparachichi. Esta alisimama mlangoni akamwambia kwamba hata hii miche ya kisasa huchukua miaka mitatu kuzaa.

"Najua," akasema, akaendelea kumwagilia.