Barua Pepe ya Mama Neema

Nilikuwa msimamizi wa intaneti kafe moja Mchafukoge, na nilijiona fundi hasa. Siku moja mtandao ulikatika Mama Neema, muuza vitenge, akiwa bado ndani ya barua pepe yake.

"Sasa nimeshatoka kweli?" aliniuliza.

"Mtandao ukikatika kila kitu kinajifunga, mama. We nenda tu."

Akaenda. Sikujua kwamba mtandao hata ukatike mara kumi, kompyuta hubaki na alama ya aliyeingia mpaka atoke mwenyewe.

Mtandao uliporudi, akaja mwenye duka mmoja wa Kariakoo akisubiri barua kutoka Dubai. Nikamkalisha palepale alipokuwa Mama Neema. Nilipofungua ukurasa, barua zikatokea bila kuulizwa jina wala neno la siri. Nikadhani aliwahi kuitumia mashine ile.

"Nisomee, kijana. Miwani nimeisahau dukani."

Nikasoma ya juu kabisa, kwa sauti ya mtangazaji: "Mdogo wangu, pole kwa majibu ya damu. Kuwa na virusi si mwisho wa maisha, ila mwambie Baba Neema, naye akapime."

Wateja wote wakageuka kututazama.

"Baba Neema ni mimi," alisema yule mwenye duka taratibu. "Hebu rudia."