Utepe Niliouchora kwa Sindano

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya filamu mjini Meru, Afisa Habari wa Wilaya alinikabidhi wembe, gundi na glavu za pamba. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru.

"Kathure," aliniambia, "kazi yako ni kuunga. Watu wakiona mahali umeunga, umeshindwa."

Kuunga kulikuwa kukata utepe uliochanika, kukwaruza tabaka yenye picha mpaka plastiki ibaki tupu, kisha kugandisha ncha mbili. Kwa miaka minne niliinama juu ya filamu za kahawa, za vyoo na za kuogesha ng'ombe. Mgongo ulianza kuniuma hapo, na haujaacha.

Nikahamishiwa Embu. Mvua ilikuwa imevuja stoo na kuharibu rili nyingi za filamu, na mkubwa wa huko, Afisa wa Mkoa, aliniagiza nizichome. Kabla ya kuchoma, nilipitisha moja kwenye projekta, mchana, madirisha nimeyaziba kwa blanketi. Shamba la kahawa lililokuwa kwenye picha halikuwepo tena. Rangi zilitambaa ukutani, zikapasuka, zikakutana. Nilimkumbuka mama yangu siku zake za mwisho, na sikujua kwa nini. Filamu za kahawa hazikuwahi kunifanya hivyo.

Tangu hapo, saa ya chakula, nilichukua vipande vya utepe mtupu nikavikwaruza kwa sindano na kuvipaka wino wa mihuri. Hakukuwa na mtu wala nyumba ndani yake, ila vidoa, mistari na giza.

Siku moja, nikiwa nimeviunga vipande hivyo na kuvionyesha ukutani, Mzee Njeru, dereva wetu, alikuja kuchukua projekta ya kupeleka Ishiara. Alisimama mlangoni akatazama ukuta mpaka utepe ukaisha.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Kuniambia nini, Mzee?"

"Hizo cheche. Na hicho cheusi kinashuka kando. Ndio naona nikiendesha, tangu wiki jana."

Nilimsihi aende hospitali. Akakataa. "Nikisema, nitanyang'anywa gari. Watoto wangu bado wako shule. Usiambie mkubwa, mwanangu."

Gari lilikuwa libebe watu wanne siku hiyo, na barabara ya Ishiara ina mteremko mrefu. Niliingia kwa Afisa wa Mkoa nikamwambia. Njeru alinisikia kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliweka funguo mezani bila kunitazama.

Hospitalini, nilikomsindikiza, daktari alimuuliza anaona nini. Njeru akajibu tu kwamba macho yamechoka. Nikatoa utepe mfukoni. Daktari akauinua kwenye mwanga wa dirisha, picha moja baada ya nyingine.

"Ni kama hivi?"

Njeru alisogeza uso karibu na utepe. "Hicho cheusi kiko juu zaidi," akasema.

Daktari alimchunguza, akatueleza kwamba utando wa nyuma ya macho yote mawili ulikuwa unabanduka. Alimtuma Nairobi siku hiyohiyo. Jicho la kulia liliokolewa. La kushoto lilipotea.

Njeru alirudishwa kazini kulinda lango. Kwa miaka miwili hakuitikia salamu yangu. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuchezea mali ya serikali, na mkubwa akaagiza utepe uchomwe mbele yake. Niliuchoma. Sikubishana, kwa sababu nilihitaji kazi.

Baadaye nilipelekwa Maua, kisha nikarudi Meru. Video zikaja, projekta zikafungiwa stoo, nami nikamalizia utumishi wangu nikigonga mihuri kwenye barua. Nilistaafu nikiwa nimechoka hata kwa mambo ambayo sikuyafanya.

Vijana wanaochora huniuliza picha isiyofanana na kitu chochote ina faida gani. Mimi si msomi. Najua tu kwamba Njeru hakuwa na maneno ya kueleza alichokiona, na mikwaruzo yangu, ambayo sikuikusudia kwake, ilieleza.

Mwaka jana nilimtembelea kwake. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mvua na za magoti.

"Wajukuu wananiuliza nilikuwa naona nini," akasema. "Ile filamu bado unayo?"

"Ilichomwa, Mzee."

Aliweka kikombe chini polepole.

"Basi ichore tena," akasema. "Mimi nitakuambia ukikosea."