Niliumia mguu mara ya pili nikiwa kwenye ED, nikadanganya kuhusu salfa: nusura nikose fidia

Wakuu, habari za muda huu.

Hii ninayoandika imenitokea mwenyewe, sijasimuliwa. Nimebadili majina tu, maana mji wetu ni mdogo na HR wetu naye yumo humu, anasoma kimya kimya.

Mimi ni mtu wa Njombe, Mtwara nilikuja kwa kazi nikaoa huku huku. Tunakaa Chuno. Kazi yangu ni ghalani, kupanga magunia ya korosho.

Mwezi wa kwanza lundo la magunia liliporomoka likanilalia mguu wa kulia. Mfupa chini ya goti ukavunjika. Nikawekewa chuma na skrubu.

Hapo sikusumbuka. Mwajiri alitoa taarifa, mfuko wa fidia ukapokea, matibabu yakaendelea. Nikapewa ED, ile ruhusa ya kutokwenda kazini, na daktari akaandika kwa mkono wake: asifanye kazi yoyote.

Sasa wanaokaa huku wanajua mwezi wa sita ni mwezi gani. Mikorosho inatoa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, nao unanyemelea, usipopuliza salfa msimu umekwenda na maji. Mke wangu ana mikorosho ya urithi njia ya Mikindani. Siku moja alfajiri nikamwambia twende wote, mimi nitakaa juu ya ndoo niangalie tu, halafu bodaboda anipeleke hospitali kwenye mazoezi ya mguu.

Kuangalia kukanishinda.

Shemeji yangu Saidi, kaka wa mke wangu, alikuwa anapuliza hovyo, mti huu anaupata, ule anauruka. Uvumilivu ukaniisha. Nikavaa mashine ya kupulizia mgongoni, mkongojo mmoja mkononi, nikapuliza mistari mitatu.

Najua. Msinitukane kwanza, nimalize.

Saa mbili nikawa hospitali. Mlangoni pa chumba cha mazoezi palikuwa pametoka kudekiwa, mkongojo ukateleza. Nikaangukia mguu ule ule. Kitu kikalia ndani ya nyama, wakuu, ile sauti sitaki hata kuieleza.

Nesi akaja mbio, akaniinamia, mara akakunja pua.

"Baba, umetoka shamba? Mbona unanuka salfa?"

"Hapana dada, nimepita tu mahali wanapopuliza."

Akaandika kwenye faili. Niliiona kalamu inavyokwenda.

Picha ikaonyesha mfupa umeachana tena. Operesheni ya pili, na daktari akasema tukichelewa utaunga upande na nitachechemea maisha yangu yote. Gharama yake mimi siiwezi hata nikiuza kitanda. Ilikuwa ama mfuko ukubali kwamba jeraha hili la pili limetokana na lile la kwanza, ama useme nimejiumiza shambani kwangu na nijitegemee.

Hapo ndipo nilipoijua hofu. Afisa wa mfuko akapiga simu: nije Jumatatu kutoa maelezo ya namna nilivyoanguka, "pamoja na hilo suala la salfa."

Kumbe ameshalisoma kwenye faili.

Saidi akanishauri kama mwanasheria: "Shemeji, shika hapo hapo. Shamba hukwenda. Nani atajua?"

Nani atajua! Bodaboda alijua. Wenye mashamba ya jirani walinipungia mkono. Suruali yenyewe ilikuwa ya njano mpaka kiunoni, na ilishafuliwa mara mbili bado inanuka. Kila pikipiki iliyosimama nje nilidhani wamekuja kukagua.

Jumapili, mke wangu akiwa kanisani, nikachukua ile suruali nikaichoma uani.

Wakuu, msije mkachoma nguo yenye salfa. Ule moshi unakaba koo. Majirani walitoka wote wanakohoa, mmoja na taulo, wanauliza kuna nini. Mimi nimekaa chini, mguu umenyooka mbele, machozi yananitoka, na sijui ni ya moshi au ya nini.

Mke wangu akanikuta hapo hapo. Hakupiga kelele.

"Baba Eliza, mtaa mzima umeshajua unaficha kitu. Kesho nenda ukaseme. Huo mguu si wako peke yako, na sisi tunautegemea."

Jumatatu nikaenda. Afisa ni dada mmoja mpole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Kabla hajauliza nikamwambia yote. Shamba nilikwenda. Mashine niliivaa. Mistari mitatu. Nesi nilimdanganya.

Akaandika muda mrefu bila kuniangalia. Akasema, "Nimekusikia, kaka. Tutamuuliza daktari." Nikatoka nikijua nimejimaliza kwa mdomo wangu.

Siku tisa kimya.

Ya kumi akaniita. Daktari ameandika kwamba mfupa ulikuwa haujashika vizuri tangu mwanzo, na kilichouachanisha ni kule kuanguka. Na nilianguka nikiwa naingia kwenye matibabu ya jeraha la kazini. Kwa hiyo wamelipokea dai langu. Kwa kuvaa mashine nikapewa onyo, ambalo nililistahili.

Nikamuuliza, "Dada, na kama ningeendelea kukataa?"

Akafunga faili. "Ungekuwa na kesi mbili, kaka. Ya mguu na ya uongo. Ya mguu ungeshinda."

Nikachukua mkongojo wangu, nikatoka.

Nilichojifunza: ukiumia tena ukiwa kwenye matibabu, toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa mwajiri na kwa mfuko, na eleza kama ilivyokuwa, hata pale unapoonekana mjinga. Yangu yalipokelewa, sisemi ya kila mtu yatapokelewa. Na ED ni ED, hata kama maua yanapukutika mbele ya macho yako.

Operesheni ni Alhamisi. Naogopa, sifichi.

Aliyewahi kufunguliwa mfupa ule ule mara mbili, naomba aniambie alitembea baada ya muda gani. Na wale wa kunitukana, sasa ruksa.