Asilimia Tisini na Moja Wameridhika

Watu wa warsha wana neno wanalolipenda kuliko chai yao: mrejesho. Ukitaka kunikasirisha, litamke mbele yangu. Nililisikia mara ya kwanza kwenye mafunzo ya wadadisi pale Ngara mjini, nikiwa nimekaa jirani na Adelfina wa Kirushya, na nimeona kwa macho yangu lilichomfanya.

Adelfina alikuwa na miaka arobaini na minne, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Nice, ndiyo maana kwao wanamwita Mama Nice. Alishawahi kuwa karani wa sensa, mhamasishaji wa chanjo na katibu wa jumuiya yake kanisani. Kazi yoyote ya kutembea nyumba kwa nyumba na kuandika ilimfuata yeye, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuogopa mbwa. Mimi, Ansbert, nilitoka Runazi, upande wa Biharamulo, nimeacha kiduka changu kwa mke wangu. Tulipewa vishikwambi vyenye dodoso la maswali sitini kuhusu utawala bora. Je, mikutano ya kijiji inafanyika? Mnashirikishwa? Mmeridhika na viongozi wenu sana, kiasi, au hamjaridhika?

Mtafiti mkuu, Dokta Venance, alitwambia kwamba matokeo ndiyo yatakayoamua mradi uende wapi. Vijiji ambavyo wananchi hawajaridhika vitaletewa wanasheria na waelimishaji, watu wafundishwe kudai mikutano yao kwa mujibu wa sheria. Adelfina alinyoosha mkono kuuliza kama hilo ni kweli. Akaambiwa ni kweli. Akanyoosha tena, akauliza lile lile.

Kijijini kwao kulikuwa na bonde ambalo wanawake walilima maharage wakati wa kiangazi. Mwenyekiti wao, Leonidas, alikuwa amelimega na kumpa tajiri mmoja wa mjini, kwa muhtasari wa mkutano ambao hakuna mtu aliyeuhudhuria. Shamba la Adelfina, alilorithishwa na mama mkwe wake, lilikuwa katikati ya kipande hicho. Tajiri alikuwa bado hajaleta trekta, hivyo Adelfina aliendelea kulima, kama mtu anayelala kwenye nyumba iliyokwisha kuuzwa. Mradi ukija, alinieleza, mwanasheria atauliza huo mkutano ulikaa lini, na bonde litarudi.

Alidhani kazi ni rahisi. Watu wana hasira, waulize, watasema. Nami nilidhani hivyo hivyo, maana kwetu Runazi tumechanganyika Wasubi, Wasukuma na Wazinza, na mtu anamtukana mwenyekiti kabla hujamaliza swali. Lakini Wahangaza, watu wa kina Adelfina, wana adabu zao. Ukifika na kitambulisho shingoni umeshakuwa mgeni, hata kama umezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Unavutiwa kigoda, unaletewa ndizi za kuchoma, na ukiuliza habari unajibiwa ni amahoro, amani tupu. Ukiuliza habari za viongozi, jibu ni hilo hilo. Aibu ya kijiji haiingizwi kwenye mashine ya wageni.

Tulipangiwa kutembea wawili wawili, na siku moja nilikuwa naye kwa Mzee Ndikuriyo, jirani yake, mzee wa miaka sabini na kitu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni.”

Adelfina akamsomea maswali, akimfafanulia kwa Kihangaza. Umeridhika na uongozi wa kijiji? Ameridhika sana. Mikutano inafanyika? Inafanyika. Adelfina aliuma mdomo, akabonyeza alichoambiwa, maana hiyo ndiyo ilikuwa amri: andika jibu la mhojiwa. Alipokwisha kufunga kishikwambi, mzee akainuka kutusindikiza, na tulipofika katikati ya migomba akaanza kuongea huku anatazama mbele.

“Ule muhtasari una saini yangu. Mimi sikusaini. Siku hiyo nilikuwa nimelazwa hospitali. Leonidas anatuuza, mwanangu.”

“Mzee, kwa nini hukusema pale ndani?”

“Pale ndani ulikuja na kazi ya watu.”

Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba: uongo sebuleni, ukweli njiani. Adelfina akanunua daftari la shule, akawa anaandika ya njiani kila tukiachana na mwenyeji. Hakuweka majina. Lilipojaa alimpelekea Dokta Venance. Akaambiwa daftari si sampuli, na kwamba mdadisi hatakiwi kuwa na maoni. Nilikuwepo na nilinyamaza, maana nilikuwa nategemea mkataba mwingine. Niandike na hilo.

Miezi minane baadaye tukaitwa kwenye mrejesho, ukumbini. Wenyeviti wa vijiji walikaa mstari wa mbele, Leonidas ndani ya suti. Dokta Venance akaweka picha ukutani: kijiji cha Adelfina, asilimia tisini na moja wameridhika na uongozi. Runazi, thelathini na nane. Kwa hiyo mradi unakwenda Runazi. Kijiji cha Adelfina kitabaki kuwa cha kulinganishia, kikusanyiwe taarifa zake tu, na mwenyekiti wake apewe cheti. Sisi wa Runazi, ambao mwenyekiti wetu alikuwa akiitisha mkutano kila baada ya miezi mitatu na tukipata pa kumzomea, ndio tukaonekana wagonjwa. Watu wakapiga makofi. Mimi pia.

Adelfina akasimama na daftari lake. Hakuomba nafasi. Alisoma kurasa tatu kwa sauti ile ya kusomea somo kanisani: “Muhtasari una saini yangu, siku hiyo nilikuwa nimelazwa hospitali.” Nilimvuta gauni akae. Hakutaja jina la mtu, lakini kijijini nani hajui nani alilazwa lini? Alikuwa amemwaga mchele kwenye kuku wengi, na jogoo mwenyewe alikaa mbele anaandika. Dokta alimshukuru kwa mchango wake, akasema muda hauruhusu, tukapate chakula.

Leonidas hakugombana naye. Wiki ile ile alibandika tangazo: mkutano mkuu wa kijiji, wa kwanza baada ya zaidi ya miaka miwili. Waliokwenda walikuwa wengi kuliko siku ya uchaguzi. Kabla ya mkutano Leonidas alipita kwa Mzee Ndikuriyo, akamuuliza kwa upole kama bado anazo karatasi zinazoonyesha babu yake alizaliwa upande huu wa mpaka wa Burundi. Kwa mzee mwenye jina la Kirundi kama lile, Ngara, swali hilo halihitaji kurudiwa.

Mengine alinisimulia Adelfina kwenye simu, bila kulia, na afadhali angelia. Ajenda ya kwanza ilikuwa yeye: kukichafua kijiji mbele ya wageni. Mzee Ndikuriyo alisimamishwa. Akasema muhtasari aliusaini kwa mkono wake, na huyu mama hakumwambia neno. Baadaye alipita karibu yake akasema, “Unisamehe, Mama Nice, nina wajukuu.” Mwenyekiti akauliza nani anataka Mama Nice asipewe tena kazi yoyote ya kijiji. Mikono ikapanda. Waliomwambia ya njiani ndio waliotangulia kuinyoosha, akasema, na hawalaumu; ni yeye aliyebeba siri zao akazisoma kwenye kipaza sauti akidhani ukumbini kuna mtu wa kuzisikia.

Mimi mradi uliniajiri. Nakaa ofisini Biharamulo nikiingiza mihtasari ya Runazi na ya kile kijiji cha kulinganishia, ili siku moja ushahidi huo ukasomwe mbele ya wadau wengine. Muhtasari wa mkutano ule ulinifikia ukiwa na mhuri, na kwa mara ya kwanza kila saini ilikuwa ya mwenyewe. Ajenda ya kwanza ilikuwa kama Adelfina alivyonieleza. Ajenda ya pili hakunieleza: kuthibitisha ugawaji wa bonde. Waliokubali, karibu wote. Waliopinga, mmoja.

Dodoso la mihtasari halina sehemu ya kuandika bonde, wala ya kuandika nani alipinga. Lina maswali matatu. Nilijibu: mkutano umefanyika, akidi imetimia, wananchi wameshirikishwa. Kisha nikatuma.